Upande Unaopigwa na Upepo

Masika yakimalizika katika Kaunti ya Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, zamu inayofuata ni ya upepo. Wasomali wa kaunti hiyo huuita msimu huo xagaa, na miezi yake mikali ni Julai na Agosti. Ni kusi ileile inayowaweka wavuvi wa Lamu nchi kavu. Ikiingia bara haikuti mlima wa kuizuia, kwa sababu nchi ni tambarare na mji wa Wajir wenyewe haufiki hata mita 300 juu ya bahari. Mchana jua huwaka vilevile. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na mtu wa Limuru au Njombe akisikia hivyo atasema hiyo si baridi. Lakini mwili uliozoea nyuzi 36 za Februari una hesabu yake, na upepo usiokatika hadi alfajiri humpokonya mtoto aliyelala ule ujoto mdogo alioukusanya chini ya shuka. Ndiyo maana pande za Tarbaj, kwenye barabara itokayo Wajir kwenda El Wak na Mandera, kina mama huanza kuzikagua nyumba zao mara tu matope ya masika yanapokauka.

Nyumba ninayoisema ni aqal, ile kuba ya fito na mikeka ambayo hubomolewa, ikapakiwa juu ya ngamia, ikasimamishwa tena penye malisho. Haina fremu ya dirisha, haina bawaba wala kioo. Wakati wa joto mwenye nyumba huukunja mkeka wa upande wowote autakao, hewa ikapita. Ubaridi ukija, huushusha. Ukuta mzima ni dirisha. Kwa hiyo kuyaziba madirisha kabla ya baridi, ambako kwingine huenda kukawa kazi ya alasiri moja, hapa ni kuushughulikia ukuta wote, mkeka kwa mkeka, fundo kwa fundo.

Mjenzi ni mwanamke, na nyumba ni yake. Mikeka ya kwanza hutengenezwa na mama yake na jamaa zake wa kike kabla ya harusi, naye huendelea kuifuma na kuitengeneza maisha yake yote. Mwaka 1995 msomi wa Marekani, Labelle Prussin, pamoja na wenzake, walitoa kitabu kizima juu ya ujenzi wa namna hii, African Nomadic Architecture, kilichowachunguza Wasomali, Warendille, Wagabra na wafugaji wengine wahamao, na kuwaweka wanawake mahali pao katika historia ya usanifu wa majengo. Nakitaja kwa sababu kazi hii imezoeleka kuitwa ya mikono tu. Ukiitazama kwa utulivu utaona kuna mahesabu ndani yake.

Bibi niliyemtazama akifanya kazi hii, ayeeyo kama wanavyomwita wote pale bomani, alikuwa na mjukuu wa kike anayesoma sekondari, naye ndiye aliyetufasiria. Ayeeyo hakuanza kwa kushika chombo chochote. Aliingia ndani adhuhuri, jua lilipokuwa utosini, akashusha pazia la mlango na kukaa katikati ya giza. Macho yakishazoea, unaona vitundu vya mwanga vimetapakaa kwenye mikeka. Vile vya juu aliviangalia tu akaviacha. Vya upande wa kusini, kuanzia magotini mpaka kifuani, alivigusa kimoja kimoja kwa kidole, na kila alipogusa alichomeka kijiti cha jani ili akipate tena akiwa nje.

Jioni upepo ulipoanza alirudi na chetezo cha udongo, dabqaad, akatia ubani juu ya makaa. Alikisogeza taratibu kuuzunguka ukuta kwa ndani, karibu kabisa na ardhi, kisha usawa wa kiuno, kisha usawa wa kichwa. Moshi ulipanda wima, halafu mahali fulani ukalala ghafla kuelekea kwake. Hapo akasimama. Kwenye mwanga wa adhuhuri mahali pale palikuwa pazima. Mkeka ulikuwa na unene wake, lakini nyuzi zilikuwa zimelegea na upepo ukipita katikati yake bila kuacha tundu. Kijiti kingine kikachomekwa. Nilivutiwa sana na ukaguzi huu wa mara mbili. Mwanga unaonyesha kilichotoboka, moshi unaonyesha kilichochoka, na mtu asiye na subira angeridhika na ule wa kwanza.

Asubuhi yake mikeka ya kusini ilishushwa. Mkeka mkubwa wa ukuta huitwa kebed, nao una nyuso mbili zisizofanana. Uso wa ndani ni laini, mistari ya mshono imekaa sambamba, mingine imepambwa kwa nyuzi za rangi. Uso wa nje umeachiwa ncha za nyuzi zikaning'inia kwa wingi kama manyoya ya kondoo, na kazi yake ni hiyohiyo: tone la mvua likianguka hushuka kutoka ncha hadi ncha bila kufika kwenye mshono. Vijana walisaidia kuibeba, maana ni mizito. Ikaanikwa juani juu ya miiba iliyokatwa, ikapigwa kwa fimbo mpaka vumbi, nge na mchwa vikatoka. Ayeeyo mwenyewe alipita nyuma akipekua manyoya yale kwa vidole, akiyachana, akinyofoa yaliyooza.

Nyuzi za kutengenezea alikuwa nazo tayari. Zinatoka kwenye galool, aina ya mgunga inayoota katika nchi hizi kavu, na hupatikana vizuri masika, maji yanapokuwa yamepanda ndani ya mti na gome kukubali kuachana na mbao. Anachagua mti uliokomaa, anachanja kwa shoka gome la upande mmoja tu, ukanda mwembamba, anauvuta kutoka chini kwenda juu hadi ukatike wenyewe. Hauzungushi mti. Mgunga ukimenywa duara zima utakufa. Ukichukuliwa ukanda mmoja utafunga kidonda na kuendelea. Gome gumu la nje hutupwa, na utando wa ndani, maydhax, ndio unaochukuliwa. Galool hutafutwa sana na wachoma makaa kwa sababu mbao zake ni nzito na moto wake hudumu, kwa hiyo kila mwaka kina mama huenda mbali zaidi kuutafuta. Hilo linanisikitisha, kwani mti uliokatwa kwa magunia ya makaa ungeweza kutoa nyuzi kwa miaka mingi.

Maydhax mkavu ni mgumu na hukatika ukikunjwa. Ayeeyo aliuloweka, akautoa, akautwanga juu ya jiwe bapa kwa rungu dogo, akaugeuza, akautwanga tena. Vipande vifupi alivitia kinywani na kuvitafuna. Nilijaribu kimoja, ulimi ulikauka papo hapo kwa ukali wake. Yeye alitafuna akiongea na wajukuu, na kila baada ya muda akatoa kinywani shungi la nyuzi laini, nyekundu-nyekundu, tayari kwa kusokotwa.

Kusokota kulifanyika pajani. Anachukua vifungu viwili vya nyuzi, anavilaza sambamba juu ya paja, kisha kiganja kinavisukuma kwenda mbele, kila kifungu kikijisokota peke yake. Bila kukiinua, kiganja kinarudi nyuma, navyo vifungu viwili vinakumbatiana kwa msokoto wa kinyume. Misokoto hiyo miwili inashindana, kila mmoja unataka kufumuka upande wake, na kwa ushindani huo ukambaa unajifunga wenyewe na hauachii. Kifungu kinapokaribia kwisha, kingine kinapachikwa ndani yake kabla ya ncha kufika, cha kulia na cha kushoto vikipishana ili viungo viwili visikae mahali pamoja. Nilipitisha ukambaa wote vidoleni nikitafuta viungo na sikuviona. Unene ulikuwa mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna kipimo kilichotumika ila kiganja chake.

Kisha akaja kwenye matengenezo yenyewe, na hapa mwendo ulipungua zaidi. Mahali palipotoboka hakupachika kiraka juu. Alikata mishono ya zamani kwa kisu, mstari mmoja baada ya mwingine, akaondoa nyuzi zilizokufa mpaka akafika penye uzima pande zote nne. Tundu dogo likawa kubwa kuliko nilivyotarajia. Mjukuu wake alicheka uso wangu ulivyobadilika, akasema kuwa mama yake pia huogopa hatua hiyo. Ayeeyo alilaza vifungu vipya kimoja kimoja, vikiingia ndani ya mkeka wa zamani kiasi cha upana wa kiganja. Chombo chake kilikuwa mudac, msumari mrefu wa chuma uliochongoka, wenye mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwa. Anatoboa njia kwa mudac, anapitisha ukambaa, anazungusha kifungu, anavuta.

Uvutaji ndio uliobeba ufundi wote. Akivuta kidogo, upepo utapita. Akivuta mno, mkeka utajikunja ukikauka na mshono wa jirani utafunguka. Alivuta mpaka ukambaa ukatoa mlio mdogo wa kusuguana, akaacha, akabonyeza kwa kidole gumba, kisha akavuta tena kidogo sana. Kila mshono ulipewa vivuto viwili, hata ule wa mwisho jioni kigiza kilipoingia na wengine wote walipokwishaondoka. Zile sehemu zilizofichuliwa na moshi zilimchukua muda mrefu kupita matundu. Huko alilegeza mistari mizima na kuikaza upya bila kuongeza kitu, kazi ambayo mpita njia asingeweza kuiona hata akiambiwa ipo.

Kabla ya kurudisha mikeka alikagua mifupa ya nyumba. Fito za kuba, dhigo, ni mizizi mirefu ya galool iliyochimbwa, ikamenywa, ikapitishwa motoni na kupindwa ikiwa ingali mbichi, kisha ikafungwa kwenye umbo la upinde mpaka ikauke. Mzizi huchaguliwa kwa sababu unapindika pasipo kupasuka. Alitikisa kila ufito kwa mkono mmoja huku sikio likiwa karibu. Uliolia alifungua kamba yake na kuifunga upya, lakini nikaona anaacha ulegevu kidogo. Nilimuuliza mbona asikaze kabisa.

"Kamba hii ikilowa hujivuta yenyewe, mwanangu," akasema. "Nikiikaza leo, mvua itavunja ufito."

Ni kweli. Kamba ya nyuzi za mimea ikinyonya maji hunenepa na kufupika, na nguvu yake ikiwa imefungwa kwenye ufito mkavu hutosha kuupasua. Mvua za vuli zingekuja Oktoba, na yeye alikuwa ameshazitengea nafasi kwenye fundo la Juni.

Mikeka ilipanda kuanzia chini. Ule wa chini kabisa kwanza, wa juu yake ukaulalia kwa kiasi cha dhiraa moja, ili maji yakishuka yasikute mdomo wazi. Uso laini ndani, manyoya nje. Upande wa kusini aliweka matabaka mawili, na tabaka la pili alilisogeza ili kiungo cha mikeka ya nje kikae katikati ya mkeka wa ndani. Kati ya matabaka hayo alipitisha fito nyembamba, zikaacha nafasi ya vidole viwili hivi. Nilidhani fito hizo ni za kuimarisha. Kumbe zilikuwa kwa ajili ya hiyo nafasi yenyewe: hewa iliyofungiwa isitembee ni kizuizi bora cha baridi kuliko mkeka, kwa sababu hewa tulivu hupitisha joto kwa shida sana.

Kanuni hiyohiyo hutumika mbali pia. Minneapolis, huko Marekani, wanakoishi Wasomali wengi na ambako usiku wa Januari joto hushuka zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, watu hubandika karatasi ya plastiki angavu kwenye fremu ya dirisha kwa ndani, wakaipuliza kwa kikaushio cha nywele mpaka inyooke. Plastiki hiyo ni nyembamba na haina joto lolote la kumpa mtu. Kazi inafanywa na hewa iliyonaswa kati yake na kioo. Ayeeyo hajaona theluji, lakini fito zake nyembamba na ile karatasi zinatenda jambo moja.

Turubai alikuwa nalo, kama zilivyo nyumba nyingi sasa. Katika kambi za Dadaab, kaunti jirani ya Garissa, wanawake waliokimbia vita tangu 1991 wamejenga kuba hizihizi kwa fito za porini na kuzifunika kwa plastiki, nguo na magunia, maana mikeka na ngamia walikuwa wameviacha nyuma. Ayeeyo alilitandika turubai lake katikati ya matabaka mawili ya upande wa kusini, chini tu, usawa wa wanaolala. Likikaa nje, alisema, jua litalila na usiku mzima litapigapiga watoto wasilale. Likikaa ndani, asubuhi litatoka jasho na kulowesha matandiko. Katikati halipigwi na jua, halipigi kelele, na pumzi za watu hazilifikii kabla ya kupita kwenye mkeka mkavu. Nimeona nyumba nyingi za turubai tupu kandokando ya barabara ya El Wak, na sijaona nyingine iliyolipatia mahali pazuri hivyo.

Chini, pale mkeka unapogusa ardhi, alizungushia tuta la udongo na mawe, akalishindilia kwa kisigino akitembea kinyumenyume. Upepo mwingi wa usiku hupita hapo, chini kabisa, na mtoto hulala hapohapo. Kwenye nyumba za mabati zilizojaa Tarbaj mjini ndiyo sehemu inayosahaulika. Fundi huziba ukingo wa dirisha la mbao kwa vipande vya gunia, akaacha mwanya chini ya mlango unaoingiza mkono. Na mabati yenyewe hupoteza joto lake lote mara jua likizama.

Kilichobaki ni uamuzi wa nini kiachwe wazi. Upande wa kaskazini, uliokingwa na upepo, aliuacha mkeka mmoja usishonwe. Pindo lake la chini alilifungia vitanzi vya kamba vitatu, na juu kwenye ufito akafunga vijiti vitatu vifupi. Kitanzi kikiingizwa kwenye kijiti cha kwanza mkeka unainuka kiasi cha kupitisha paka. Vikiingizwa vyote, nusu ya ukuta imefunguka. Kipande kidogo karibu na kilele nacho alikiacha bila tabaka la pili, moshi wa jiko la makaa upate njia. Alivijaribu vitanzi kwa mkono wa kushoto akiwa amelala chini, kwa kuwa ndivyo atakavyovitumia usiku, akafupisha kimoja.

Usiku ule chetezo kilizungushwa tena. Moshi ulipanda wima upande wa kusini kote, kutoka kwenye tuta hadi kilele, na kule kaskazini ukainama polepole kuelekea nje. Ayeeyo aliufuata kwa macho mzunguko mzima, akarudi sehemu moja aliyokuwa ameikaza upya mara mbili, akakisimamisha chetezo pale kwa muda mrefu kuliko pengine. Moshi haukuyumba. Akakiweka chini, akamwambia mjukuu alete maziwa.

Nimewahi kuona milango ya Lamu iliyochongwa na mafundi wenye majina, watu wakisafiri kwenda kuipiga picha. Ukuta huu wa kusini sioni kama uko chini ya milango ile kwa ufundi. Tofauti yake ni kwamba uzuri wake mwingi umefichwa ndani ya mshono, na msimu ukigeuka utafunguliwa, ukunjwe, ufungwe ubavuni mwa ngamia.

Anayetaka kujionea kazi hii aende Tarbaj mwishoni mwa Mei, gome la galool likiwa bado na maji. Akichelewa hadi Julai atakuta nyumba zimeshafungwa.